Miaka Thelathini na Mmoja Chini ya Magari ya Wagonjwa

Tarehe 30 Juni Shangazi anakabidhi ufunguo wa kabati lake la vifaa, baada ya miaka thelathini na mmoja katika gereji ya hospitali yetu. Alipoajiriwa alikuwa mwanamke pekee kati ya mafundi tisa, na wakati huo aliitwa Dada. Umri ukapanda, akawa Shangazi, na leo hata mganga mkuu humwita hivyo.

Aliyashika mambo mengi ya magari, lakini sifa yake ni shokapu, yale mabomba ya mafuta yanayolituliza gari likipita kwenye mashimo. Haanzi na spana. Anaanza na uzito wake mwenyewe: anaegemea kona ya gari, anabonyeza, anaachia. Gari lenye afya hupanda mara moja na kutulia. Likicheza mara mbili tatu, limechoka. Kisha hupapasa tairi kwa kiganja, maana shokapu ikifa gurudumu hurukaruka na tairi hulika mabakamabaka. Ndipo huingia chini na tochi kutafuta mafuta yaliyovuja.

Tukiwa kwenye chai, gari likiingia getini alikuwa akisema "nyuma kulia" bila kugeuka. Tulimbishia mara nyingi, tukaaibika mara nyingi vilevile. Siku moja wauguzi wa wodi ya wazazi walimwita aangalie kitanda kinacholia. Akakibonyeza pembe zote nne kwa uso mkavu, akasema, "Hiki hakina shokapu. Kina kutu na uzee."

Mwaka wake wa kumi na mbili ndio uliokuwa mzito.

Jumatatu asubuhi dereva wa gari la wagonjwa namba nne alilalamika kwamba gari linainamisha pua likifunga breki, na kwenye kona linayumba. Walikuwa wameajiriwa mwaka uleule, yeye na Shangazi, na walitaniana kama mtu na shemeji yake. Shangazi akalibonyeza, likacheza mara tatu. Shokapu ya mbele kushoto ilikuwa imelowa mafuta. Ya kulia ilikuwa kavu kwa nje, lakini ndani imekwisha. Akaja stoo kwangu kuomba mbili, kwa sababu shokapu hubadilishwa kwa jozi: ukiweka mpya upande mmoja na kuacha mbovu upande wa pili, gurudumu moja hukamata barabara na lingine huruka.

Mimi ndiye mtunza stoo. Nilimpa moja, nikamwambia nyingine itafika Ijumaa.

Alikataa kulitoa gari. Mkuu wa gereji wa wakati ule alimjibu kwamba wagonjwa hawasubiri Ijumaa. Shangazi akabishana naye hadi saa sita, kisha akafunga ile moja upande wa kushoto, akatia sahihi kwenye daftari kwamba gari linafaa.

Jumatano alasiri, kwenye mteremko wa barabara yenye matuta matuta, mvua ikinyesha, dereva alifunga breki akiingia kwenye kona. Gari likavutwa upande, likapinduka. Dereva alifia pale pale. Mama mjamzito aliyekuwa akiletwa kwetu alifariki na mtoto wake tumboni. Muuguzi aliyekuwa naye alipona, lakini mguu wake ulikatwa.

Kamati ya uchunguzi ilielekea kuandika kwamba chanzo ni mwendo kasi na utelezi. Hakuna aliyemtaja Shangazi. Yeye ndiye aliyekwenda kwenye mabaki ya gari, akafungua ile shokapu ya kulia, akaiweka juu ya meza ya kamati. Akaisukuma kwa kidole gumba, ikazama yote bila ubishi.

"Hii niliiacha mimi," alisema. "Nilijua, nikatia sahihi. Msimwandikie marehemu mwendo kasi."

Jina la dereva likasafishwa. Shangazi akapewa barua ya onyo, na tangu siku hiyo hakupandishwa cheo tena. Alikwenda nyumbani kwa mjane wa dereva kumweleza kwa mdomo wake. Mjane alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, akamuuliza, "Umekuja nikufanyie nini?" Mlango ukafungwa, na mpaka leo haujafunguliwa.

Kwa miaka kumi na tisa iliyofuata hakuna gari lililotoka mikononi mwake na jozi pungufu. Aliwahi kukalia funguo za gari siku nzima, akasimamishwa kazi wiki mbili, akarudi, akalikuta gari lile lile, akadai tena shokapu mbili. Akazipata. Katika miaka hiyo yote hatujazika mtu kwa kosa la gereji.

Wiki iliyopita nilimuuliza niandike nini katika maelezo haya ya kumuaga. Akasema niandike yote, na nisipoandika yote hatakuja kwenye sherehe yake ya kuagwa.

Basi yote ni haya. Jumatatu ile stoo ilikuwa na shokapu mbili. Ya pili niliambiwa niiweke kwa ajili ya gari la mkurugenzi, nikaificha rafu ya juu, nikadanganya. Baada ya mazishi Shangazi aliingia stoo, akaliona boksi.

"Ilikuwepo?"

"Ilikuwepo."

Akakaa juu ya kreti. Kisha akasema, "Basi tuko wawili," akatoka. Mbele ya kamati alisema lake tu. Langu aliniachia niliseme mwenyewe, nami nimelikalia miaka kumi na tisa. Nakala ya maelezo haya nimeipeleka kwa uongozi leo asubuhi, na kesho nitakwenda kwenye ule mlango.

Shangazi, gereji nzima inakushukuru kwa kazi yako na kwa ukaidi wako. Tunakuombea afya, wajukuu wasumbufu, na usingizi. Mzigo ulioubeba peke yako, nusu yake ilikuwa yangu. Nimekuja kuichukua.