Baba Yetu, Fundi Aliyesikiliza Injini Zikiwa Baridi

Ndugu waombolezaji, majirani zetu na mafundi wenzake baba, familia imeniomba mimi, kitinda mimba wake, niwasomee maisha yake, na kwa kuwa nimeyaandika jana nikiwa na mtoto mgongoni, naomba mnivumilie nikikwama.

Baba alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tano kati ya saba wa baba mpasua mbao na mama mshona nguo. Alianza darasa la kwanza mwaka 1969, akamaliza la saba mwaka 1975, na bibi alikuwa akisimulia kwamba darasani alisinzia, lakini lori likipita barabarani aliamka na kusema kama limebeba mzigo au ni tupu.

Tarehe 3 Januari 1977 aliingia kujifunza kazi katika gereji ya mjomba wake, na tarehe 1 Juni 1988 akafungua ya kwake, nyuma ya ghala la mbao, chini ya mabati sita. Hapo ndipo alipopewa jina la Sikio, kwa sababu ya ugonjwa mmoja wa magari uliowashinda wengi, ule wa injini kutetemeka asubuhi ikiwa baridi, sailensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, inapanda na kushuka kama mtu mwenye kwikwi, kisha baada ya dakika kumi za mwendo inatulia kana kwamba haikuwa na neno. Mwalimu mmoja, naye yuko hapa leo, alikuwa amebadilishiwa plagi na koili kwingine bila nafuu, na alipofika kwa baba gari lilikuwa limetulia tuli.

"Fundi, nakuapia, asubuhi lilikuwa linatetemeka, sasa ona linavyoniaibisha," mwalimu akasema.

"Halijapona, mwalimu, limepata joto tu," baba akamjibu. "Niachie lilale hapa, kesho nitaliwasha mwenyewe, na mtu asilioshe wala asiliguse, lisije likanificha ugonjwa."

Kesho yake asubuhi baba aliweka ncha moja ya mpira mwembamba sikioni, ncha ya pili akaipitisha polepole kwenye maungio ya injini, mpaka akasikia hewa ikinyonywa mahali pasipostahili, kwenye gasketi iliyokauka, ambayo ikiwa baridi iliacha upenyo na ikipata joto ilivimba ikauziba. Gasketi mpya ilimaliza kesi ya miezi minne, lakini kabla ya kuifunga, baba alimpeleka mwalimu, aliyekuwa amekuja kuliulizia, shuleni kwa gari la baba mwenyewe, asije akachelewa kipindi.

Tarehe 9 Desemba 1989 alifunga ndoa na mama yetu, ambaye mpaka leo anasema alimpenda kwa kuwa ndiye mwanamume wa kwanza kumsikiliza hadi mwisho wa sentensi. Walijaliwa watoto watatu na wajukuu watano, wa mwisho akiwa huyu niliyembeba, ana miezi minne.

Ugonjwa ulianza Aprili mwaka jana. Alfajiri, kabla hajainuka kitandani, moyo wake ulikwenda mbio, ukasita, macho yakapanda juu, halafu polepole akarudi. Kila mara jirani yetu wa mlango wa pili alikuja na beseni la maji ya moto kabla hata hatujamwita, na mumewe, ambaye ni dereva, aliwasha gari akatungoja. Lakini baba hakukubali kwenda hospitali na harufu ya oili, alitaka kwanza aoge, anyoe ndevu, anywe chai, apigiwe shati pasi.

"Si wewe unayewakataza watu kuosha gari kabla ya kulileta?" mama akamuuliza.

"Mama watoto, mimi si gari," akajibu, na sisi tukacheka, tukampigia shati pasi.

Saa nzima baadaye daktari alimkuta amekaa wima anawatania wauguzi, kipimo cha moyo kikatoka safi, tukarudishwa nyumbani. Ikawa hivyo mara sita. Nikaanza kuamka kabla ya jogoo, nasimama mlangoni pake nahesabu pumzi.

Mara ya saba, Jumanne tarehe 4 Februari 2025, nilijikaza nikamwambia daktari, mimi niliyeishia darasa la saba, kwamba tunamleta akiwa ameshatulia, amlaze amfunge kipimo, amwangalie kabla hajaamka. Nilidhani atanifukuza. Alivua miwani, akanivutia kiti, akanisikiliza habari yote ya injini baridi bila kucheka, akaandika kitanda siku ileile. Jumatano asubuhi ilipita kimya. Alhamisi tarehe 6 Februari, saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, moyo ulisita, kipimo kikanasa kila kitu, madaktari wakahangaika naye dakika arobaini, ukagoma. Alikuwa na miaka sitini na mitatu.

Tunawashukuru daktari huyo na wauguzi wote, tunawashukuru mafundi ambao tangu juzi wamemaliza magari matatu aliyoyaacha na kuyarudisha kwa wenyewe. Jirani yetu, tumesikia huli kwa kujilaumu, ukisema maji yako ndiyo yaliyotuchelewesha. Tafadhali usiseme tena hivyo, beseni lilikuwa lako, lakini saa ile tuliipoteza sote, na maji hayo yalikuwa upendo.

La mwisho ni zito. Daktari ametuambia kwamba kilichonaswa na kipimo ni ugonjwa unaoweza kutembea katika damu ya ukoo, na Jumatatu sisi watoto watatu tutakwenda kulazwa, tuangaliwe kabla ya kuamka, nami nitakwenda na huyu mdogo. Kwa hiyo shangazi zetu, baba zetu wadogo na binamu, kama kuna anayezimia alfajiri kisha anatuficha kwa kuwa baadaye anajisikia vizuri, aseme leo, hapahapa, mbele ya baba. Na siku hali hiyo ikimpata, aje hospitali kama alivyo, asioge.

Baba, pumzika sasa kwa amani, sisi Jumatatu tutakwenda.