Mluzi wa Ifan Katika Dohani ya Harrowden

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko bondeni, na nyinyi wa juu mlimani ambao theluji imewafungia ndani. Ni mimi Nola Creswick. Chai yangu iko mezani, na kiti cha pili kiko wazi kwa yule tunayemkumbuka. Leo kiti hicho ni cha Honora Tuohy. Narudia jina, maana miaka mingi hakuna aliyelitaja kwa heshima. Honora Tuohy.

Jana mchana ukoo wake ulimwekea jiwe kaburini. Amelala pale zaidi ya miaka mia moja bila jiwe. Nilikuwepo, na upepo ulitupiga hadi kofia ya padri ikaruka kwenye boma la kondoo.

Nawaonya mapema. Hii si kumbukumbu ya mtu aliyesamehe. Wanaotaka habari za msamaha, ibada inarushwa baada ya kipindi hiki.

Honora alikuwa mfungwa, kama mababu wa wengi wetu tunaosikilizana asubuhi hii. Aliletwa kisiwani hapa kwa meli kutoka Ireland. Kosa lake? Aliiba shuka mbili za mwajiri wake. Shuka mbili, kifungo cha miaka saba, na bahari yote ile kati yake na mama yake. Kilembwe chake, Bibi Merle Pinnock, bado analiona jambo hili chungu. "Tena zilikuwa na viraka," aliniambia. "Wangemfunga kwa shuka nzima, ningeelewa."

Siku zile wafungwa waligawiwa kwa wenye mashamba kama unavyogawa majembe. Honora akapelekwa jikoni kwa Bwana Aubrey Thackwell, aliyekuwa akijenga nyumba yake kubwa ya Harrowden. Mnaijua. Ile yenye dohani, bomba la kutolea moshi, ndefu kuliko zote bondeni. Nyumba hiyo ilijengwa na wafungwa wawili. Wa kwanza ni Jabez Pinnock, mwashi, Mwingereza mwenye ulimi wa pilipili. Wa pili ni Ifan Probert, Mwelsh, mfyatua matofali. Mkipita pale, tazameni ukuta wa nyuma. Alama ya dole gumba lake bado imeganda kwenye matofali.

Ifan alikuwa na mluzi. Sauti mbili tu, moja juu, moja chini. Kwao aliutumia kuita mbwa wa kuchunga kondoo. Huku aliutumia kumwita Honora atoke jikoni aje kisimani. "Mimi ni mbwa wako?" Honora alimwuliza siku ya kwanza. "Hapana," Ifan akajibu. "Mbwa huja upesi zaidi." Basi, hapo ndipo mapenzi yalipoanza. Wakaomba ruhusa ya kuoana, maana mfungwa hakuoa bila idhini ya bwana wake. Thackwell akawaambia wangoje nyumba iishe.

Wakangoja. Lakini Thackwell hakupenda ule mluzi.

"Nani huyo?" aliuliza asubuhi moja.

"Ni Probert, bwana," Honora akasema.

"Mfungwa ana nini cha kupigia mluzi?"

Ifan akaomba radhi. Alisema mdomo umezoea. Kesho yake mdomo ukasahau, akapiga mluzi tena, akimwita mchumba wake kwenye maji. Kwa sheria ya siku zile hiyo iliitwa dharau. Sheria hiyohiyo ilimkataza bwana kumchapa mfungwa kwa mkono wake. Kwa hiyo Thackwell akampeleka kwa hakimu, mwenye shamba la jirani na rafiki yake wa kula na kunywa. Viboko hamsini. Nasema tena, wasikilizaji, viboko hamsini kwa sababu ya mluzi. Akarudishwa kukanda udongo mgongo ukiwa wazi na nzi wakimfuata. Vidonda vikaoza. Wiki haikuisha, Ifan akafariki.

Honora aliomba ruhusa aoshe mwili. Akamkuta Thackwell mezani anakula mayai. Mwili ulikuwa umeshaondolewa, umefukiwa mahali ambapo hakuna aliyewahi kupaonyesha. Thackwell akajifuta midomo, akasema, "Angalau sasa tutapata utulivu."

Likumbukeni neno hilo. Utulivu.

Mimi nimelisimulia hili mara nyingi na bado nina hasira. Honora hakupoteza muda. Alitoka nje, akamtafuta Jabez kwenye jukwaa la ujenzi.

"Dohani imefika wapi?"

"Mabegani. Bado shingo."

"Nataka uibomoe."

"Nibomoe nichapwe na mimi? Una wazimu, mwanamke?" Kisha Jabez akashuka ngazi mbili, akanong'ona. "Sikiliza. Kwetu, mwenye nyumba akimdhulumu mwashi, mwashi humwachia mgeni dohanini."

"Mgeni gani?"

"Shingo ya chupa. Unaijengea humo juu, mdomo ukiangalia upepo unakotoka. Upepo ukija, mgeni analia."

"Analia vipi?"

"Inategemea chupa."

Kila mwashi bondeni anaijua kanuni hii hadi leo: usimkosee anayejenga dohani yako kabla hajashuka. Thackwell hakuijua. Alidhani mfungwa ni mikono tu.

Basi Honora akaenda kwenye lundo la takataka nyuma ya jiko. Chupa zilijaa pale, za mvinyo wa Thackwell mwenyewe. Akaokota moja, akapuliza mdomoni. Akaitupa. Akaokota nyingine, akapuliza. Jabez akamwona.

"Watu watasema mjane ameanza kubusu chupa."

"Nyamaza," Honora akasema. "Nasikiliza."

Alizipuliza hadi akapata mbili. Moja ya juu, moja ya chini. Jabez akazikata, akazijengea kwa chokaa, midomo ikielekea kusini magharibi, na mnajua wenyewe upepo gani hutoka huko.

Ulikuja siku ya karamu ya kuzindua nyumba. Yule hakimu alikaa karibu na moto, sahani imejaa nyama ya kondoo. Honora alikuwa anamwaga mchuzi. Ghafla, kutoka ndani ya ukuta, mluzi. Juu, chini. Juu, chini. Hakimu akaweka uma chini. Thackwell akawa mweupe kama kitambaa cha meza. Na Honora? Bibi Merle anasema alimwaga mchuzi na hata tone halikuanguka pembeni. Nampenda mwanamke huyo, wasikilizaji. Nampenda mno.

Hakimu hakurudi tena Harrowden. Thackwell akampandisha Jabez juu achunguze.

"Hamna kitu, bwana. Pengine ndege."

"Ndege gani analia hivyo?"

"Siwajui ndege wa huku, bwana. Mimi nililetwa tu."

Majira ya baridi yakaingia na upepo haukupumzika. Thackwell akaacha kulala, akaacha kula. Mwisho akamwita Honora na kumwekea mezani kitu ambacho kila mfungwa alikiota: kibali. Ukiwa nacho ulikuwa huru kujitafutia kazi, kuondoka, kulala unapotaka. Honora alikuwa bado na miaka minne ya kutumikia.

"Kibali hiki ni chako," Thackwell alisema. "Niambie tu ni nini kinapiga mluzi humo."

Msidhani ilikuwa rahisi. Mluzi ule ulimchoma Thackwell, lakini ulimchoma Honora pia. Kila upepo ulipovuma, miguu yake ilianza yenyewe kwenda kisimani. Aliwahi kufika na ndoo mkononi kabla hajakumbuka kwamba hakuna mtu. Kwa kusema maneno mawili angekuwa huru, na asingeusikia tena maishani. Alikitazama kile kibali. Kisha akamtazama bwana wake.

"Mluzi gani, bwana?" akasema. "Mimi sisikii kitu. Nyumba ina utulivu."

Thackwell akawaita wengine, mmoja mmoja. Mchunga farasi: sisikii kitu, bwana. Mfuaji: sisikii kitu. Jabez: masikio yangu mazima, bwana, na sisikii kitu. Hakuna aliyewapanga. Wote walikuwa wafungwa, na wote walikuwa wamemwona Ifan akikanda udongo na ule mgongo.

Kuanzia hapo Thackwell aliamini kichwa chake kimeharibika. Akahamia kulala zizini na farasi. Baadaye akahamia mjini, akafia chumba cha kupanga, pamba masikioni. Habari zilipofika, Honora alioka mkate wa zabibu kavu na kumpa kila mfungwa kipande. Nafurahi. Naam, nimesema redioni kwamba nafurahi.

Alitumikia miaka yake minne yote. Akaolewa na Jabez, wakazaa, wakazeeka. Uzeeni Jabez alimhurumia, akataka apande azitoe zile chupa. Honora akamwambia, "Ukipanda ngazi ile, usishuke kwangu."

Sasa turudi jana. Baada ya jiwe kuwekwa, alikuja kijana wa ukoo wa Thackwell na maua. Wao ndio bado wenye nyumba. Inafanyiwa ukarabati, jukwaa la mafundi limeshafika juu. Akavua kofia, akasema kwa adabu kabisa, "Bibi Merle, nimekuja kuomba yaishe. Wageni wetu hawalali. Naomba baraka zenu tuzitoe chupa."

Hata mimi, kwa dakika moja, nilimwonea huruma. Bibi Merle akayapokea maua, akayaweka kaburini.

"Maua mazuri, mwanangu. Ahsante. Sasa nenda nyumbani, ukawaulize wakubwa zako walimfukia wapi Ifan Probert. Nionyeshe alipolala, nitapanda ngazi hiyo mwenyewe na magoti haya mabovu. Mpaka siku hiyo, ile dohani ndiyo kaburi lake. Usiiguse."

Kijana akavaa kofia. Leo asubuhi nimepita Harrowden. Jukwaa limeondolewa, na chupa bado zipo.

Kwa ukoo wa Pinnock na wa Tuohy, poleni sana, pole iliyochelewa vizazi vitano. Kwa ukoo wa Probert, kama mpo popote, mtu wenu hajasahaulika. Na nyinyi wa Thackwell, ambao najua mnanisikiliza, nawapa pole ya usingizi, na koleo mkilihitaji. Bustani yenu ni kubwa, anzeni kuchimba. Sisi wengine, tunapokaa kwenye utulivu wetu leo, tuulize nani alinyamazishwa ili tuupate.

Fundi mitambo wetu alitega kipaza sauti chini ya ile dohani asubuhi hii. Zimeni birika. Mtulizeni mbwa. Upepo ni wa kusini magharibi.

Huyo, wasikilizaji wapendwa. Anamwita Honora kisimani.