Lenah Nanjala na Magunia Kumi na Mawili

Wazee wa ukoo, mchungaji, majirani, wafanyakazi wenzake kutoka Kitale, na nyinyi mliotoka Bungoma alfajiri kabla ya kunywa chai, nimesimama hapa kwa niaba ya familia, mimi Phelista, dada wa marehemu Jairus, na kwa hivyo wifi yake huyu aliyelala mbele yetu. Nimeombwa nisome maisha yake kwa utaratibu, kuzaliwa, masomo, kazi, ndoa, watoto, ugonjwa na kifo, na nikaambiwa nisiongeze yangu. Utaratibu nitaufuata. Hilo la kutoongeza yangu sikumwahidi mtu.

Lenah Nanjala alizaliwa tarehe 14 Mei 1971, katika kijiji kilicho chini ya Kimilili, akiwa mtoto wa nne kwa wazazi waliolima shamba la watu, katika mwezi ambao stoo nyingi za hapa kwetu huwa zimebaki vumbi na mahindi mapya hayajafika magotini, ndiyo sababu akaitwa Nanjala, kama wanavyoitwa wasichana wanaozaliwa wakati wa njaa. Alianza shule ya msingi mwaka wa 1978 na kuimaliza mwaka wa 1985, akapita vizuri na kuitwa sekondari, lakini karo haikupatikana, na nafasi yake akapewa mtoto wa mwenye duka. Hakuwahi kulalamika kuhusu jambo hilo, ila mpaka anakufa hakununua hata kiberiti katika duka lile.

Mwaka wa 1987 alikwenda Kitale kwa shangazi yake aliyeishi Kipsongo, na msimu wa mavuno uliofuata akaandikwa kibarua katika stoo moja ya nafaka mjini humo, kazi yake ikiwa kushona midomo ya magunia kwa shazia, ile sindano kubwa iliyopinda ncha. Kazi hiyo ni ya kuanzia Oktoba hadi Februari, baada ya hapo stoo hukauka na mshonaji hurudi nyumbani kungoja mvua, kwa hiyo tangu akiwa na miaka kumi na saba alizoea kupata pesa mara moja kwa mwaka, na mwaka mzima ukabidi utoshe humo. Aliifanya kwa misimu thelathini na sita. Wenzake walioko hapa ni mashahidi kwamba fundo lake lilijulikana, alilizungusha mara mbili na kulificha ndani ya mshono, na mtu akilifungua gunia na kujaribu kulishona tena, Lenah alijua kabla hajalifikia.

Aliolewa na kaka yangu Jairus, mpakizi wa magunia katika stoo hiyohiyo, tarehe 12 Desemba 1992, wakaishi Kipsongo katika chumba kimoja, wakikodi shamba dogo pembeni mwa mji. Walijaliwa watoto watatu, Nabwile aliyezaliwa mwaka wa 1994, Wafula aliyezaliwa Aprili 1997, na kitindamimba Nekesa, aliyezaliwa Novemba 2008 wakati wa mavuno. Wafula hamkumjua wengi wenu. Mwaka wa 1999 mahindi yao yaliisha mwezi wa Mei, wakawa wanakula kinachopatikana, siku nyingine hakikupatikana, na mtoto aliposhikwa na homa ya kuharisha mwezi wa Julai hakuwa na mwili wa kupambana nayo, akafa tarehe 19 akiwa mgongoni mwa mama yake, njiani kwenda hospitalini.

Tangu mwaka huo wifi yangu aliushona mwaka. Sina namna nyingine ya kulieleza. Kila baada ya mavuno alitenga magunia kumi na mawili, akayashona kwa mkono wake, akaandika kwa mkaa jina la mwezi kwenye kila moja, akayapanga ukutani Januari ikiwa mbele na Desemba nyuma kabisa, na mahindi yaliyozidi akayauza kwa ajili ya mbolea na mbegu, huku ujira wa kushona ukilipa karo. Gunia moja lilikuwa mwezi mmoja. Nusu ilikuwa ya kula, nusu ya kuuza kwa gorogoro, kile kibati cha kilo mbili, ili ipatikane chumvi, sabuni, mafuta ya taa na omena, na gunia la mwezi likiisha tarehe ishirini na tano, basi siku zilizobaki zilikuwa za mboga na uji mwepesi, kwa sababu la mwezi unaofuata halikufunguliwa hata mtoto alie vipi. Ukimwomba alikujibu hivi, bila hasira, "Juni haijafika, bana, mnataka niilete na mkokoteni?"

Tulimcheka, na mimi nilikuwa mbele. Nilimwambia ana mkono wa birika, nikawaambia watu kwamba kwa Lenah hata panya hufunga saumu. Sukari ilikuwa ya Jumapili. Aliloweka maharagwe tangu usiku ili kuni zipungue, alikata mche wa sabuni vipande vinne na kuvianika vikauke visiishe haraka, na sare ya Nabwile aliigeuza ndani nje ikavaliwa tena na Nekesa miaka kumi na nne baadaye. Lakini niseme pia kwamba tangu Julai ya 1999 hakuna mtoto aliyelala njaa katika nyumba ile, isipokuwa mwaka mmoja tu, na huo nitausema sasa.

Mwaka wa 2005 walirudi hapa nyumbani, wakajenga kwenye ekari moja na nusu aliyorithi Jairus, Lenah akirudi Kitale kila msimu wa kushona, naye Jairus akaendelea kufanya kazi huko mpaka kifua chake kilipojaa vumbi la nafaka, akafariki tarehe 3 Agosti 2012. Tulikuja kuomboleza. Tulikuja wengi, tukakesha, na kwa kuwa matanga bila ugali ni aibu kwa ukoo, wazee walisema stoo ifunguliwe, ikafunguliwa, na magunia matano, Agosti, Septemba, Oktoba, Novemba na Desemba, yakaliwa yote kabla ya siku ya kunyoa nywele, ile inayofunga matanga, kupita. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini sisi tulikaa tisa na jembe hatukuligusa. Tulipoondoka, mjane alibaki na Nekesa wa miaka mitatu, wakachemsha papai bichi na majani ya kunde mpaka mavuno, na mtoto yule akavimba miguu. Lenah hakutusema. Kila mmoja wetu alipopita kumsalimia alitukaribisha ndani na kutupa maji ya kunywa, na maji yalikuwa ndiyo yote aliyokuwa nayo.

Sasa nafika kwenye ugonjwa. Mwezi wa Machi mwaka jana, 2024, aliona uvimbe katika titi la kushoto, akaenda zahanati, akaambiwa apelekwe hospitali kubwa akapimwe bila kuchelewa, na gharama aliyotajiwa ilikuwa sawa na bei ya magunia matatu. Alirudi nyumbani akakaa mlangoni mwa stoo. Nabwile anafanya biashara ya nyanya sokoni Bungoma na watoto wake wawili waliishi na bibi yao, kwa hiyo midomo ilikuwa minne, na kila alipoyatazama magunia yale aliona miezi. Akaamua kungoja mavuno. Aliwaeleza kina mama wa chama, nao walimsikitikia, wakamletea sukari kilo mbili, na sukari hiyo akaigawa iwe ya Jumapili mpaka Agosti.

Ndugu zangu, mtu anaweza kulaza njaa, lakini ugonjwa haulazwi. Alilima akiwa nao, akapalilia akiwa nao, akavuna Oktoba mkono mmoja ukiwa umevimba, akashona magunia yake kumi na mawili kwa mkono mwingine akishikiwa na Nekesa, na tarehe 18 Novemba ndipo alipokwenda kupimwa, pesa zikiwa mkononi, akaambiwa umeshafika kwenye mapafu na mifupa. Daktari alimuuliza alikuwa wapi tangu Machi. Mimi nilikuwa nimekaa kando yake, na wifi yangu alimjibu kwa adabu kabisa kwamba Machi hakukuwa na nafasi.

Nina hasira naye, na nina hasira na sisi. Alilazwa tarehe 24 Februari mwaka huu, akafariki Jumapili tarehe 9 Machi, saa kumi na moja asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, na kufikia Alhamisi kamati ya mazishi ilikuwa imechanga, kwa siku nne tu, pesa zinazozidi zile za kupimwa na kupasuliwa mwaka jana. Hizo pesa zilikuwa mifukoni mwetu Machi ile. Jeneza mnaliona, lina vishikio vya rangi ya dhahabu, na mwenyewe angeamka angeuliza kama vishikio vinaweza kurudishwa dukani. Wahenga walisema kufa kufaana, lakini sioni kifo hiki kimemfaa nani, labda mwenye hema na mwenye vipaza sauti.

Alhamisi kabla ya kufa, tarehe 6, alinishika mkono pale wodini akaniambia maneno ambayo nimeambiwa nisiyasome hapa, kwamba yajadiliwe na wazee wakati wa kunyoa. Nitayasoma, kwa sababu kwetu neno lililosemwa mbele ya jeneza hakuna anayelifukia. Alisema, "Wifi, Machi wakule yote, Machi ni yangu. Lakini wasifungue Aprili." Basi.

Gunia la Machi lilikuwa halijaguswa, maana alikuwa hospitalini na watoto walikuwa kwangu. Ndilo mlilokula tangu Jumatatu, na jana jioni liliisha. Mzee wangu Wangila, kaka mkubwa wa Jairus na mwenyekiti wa kamati yetu, alikuja jana usiku mlangoni mwa stoo akiwa na kisu, akisema wageni hawawezi kulala njaa na jina la ukoo likabaki salama, akamkuta Nekesa amekaa juu ya magunia, miguu ameikunja. Mtoto huyu ndiye aliyevimba miguu mwaka wa 2012. Mzee akarudisha kisu mfukoni, akasema litaamuliwa Jumanne, siku ya kunyoa. Mzee wangu, nakuheshimu, wewe ndiye uliyeniozesha na mbele yako sina sauti, lakini Jumanne isihangaike. Mbele ya dada yetu huyu na watu wote hawa, nasema ufunguo wa stoo uko shingoni mwangu, na yaliyomo humo ni magunia tisa, Aprili mpaka Desemba, nayo ni ya Nekesa aliye kidato cha tatu na ya watoto wa Nabwile. Atakayetaka kula Jumanne aje na unga wake, nasi tutampikia na kumkaribisha kwa mikono miwili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi aliyolazwa, waliompunguzia maumivu wakati hakukuwa na lingine la kufanya. Tunawashukuru majirani waliochota maji na kufagia boma hili bila kuombwa, na Bi Khadijo na mumewe Adow wa Kitale, ambao dukani kwao marehemu alinunua sabuni ya mwaka mzima kila Januari kwa miaka ishirini, waliotoa gari lao kumleta kutoka mochari na leo wamekuja na gunia la mchele ambalo ndilo tutakalokula baada ya maziko. Tunawashukuru wenzake wa stoo ya nafaka, walioleta mikate na majani ya chai, na shazia yake, ambayo tumemwekea mkononi. Tunamshukuru mchungaji, na kamati pia tunaishukuru, kwa yale waliyofanya na kwa hili ambalo najua watakubali.

Lenah, wifi yangu, mwenye mkono wa birika, nimekagua asubuhi ya leo kabla ya kuja kusimama hapa. Fundo ni lako. Aprili bado limeshonwa.

Pumzika kwa amani.