Nilipewa Boksi la Tiketi kwa Sababu Naswali

Assalamu alaykum ndugu zangu, na nyinyi mlio wa kanisa, hamjambo. Nimeambiwa hapa mkutanoni nikae nizungumze taratibu, lakini mtanisamehe, nitasimama. Jina la mtu sitataja. Aibu ni yangu na nimekuja nayo mwenyewe.

Nilikuwa nauza katika duka la stesheni ya mafuta hapa Garissa, pale magari ya Wajir na Mandera yanapojaza tangi. Tuliuza soda, biskuti, kadi za simu, maji baridi. Mwenye duka ni mama mmoja Mkristo kutoka bara. Siku moja akaleta tiketi za bahati nasibu, zile za kukwangua, kwa ajili ya madereva. Kaunta tulikuwa wawili, mimi na mama mmoja wa Mwingi. Mwenye duka akatuangalia, kisha akaweka boksi la tiketi mbele yangu pamoja na ufunguo. "Hizi kaa nazo wewe," akasema. "Dini yenu inazikataa, hutashikwa na tamaa." Basi! Nilijiona mtu mkubwa sana siku hiyo.

Wiki nzima sikuzigusa. Halafu dereva mmoja akakwangua mbele yangu, akashinda, akaruka juu akapiga kelele duka zima. Kuanzia hapo sikutulia tena. Nauza maji, jicho liko kwenye boksi. Narudisha chenji, jicho liko kwenye boksi. Mwenzangu alipokwenda kula chakula cha mchana, nikachana tiketi moja, nikaingia stoo, nikaikwangua kwa ukucha. Hakuna kitu. Nikarudi nikachana ya pili.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Nilijiambia mcheza kamari ni yule anayetoa pesa yake. Mimi sijatoa hata shilingi, kwa hivyo mimi sijacheza! Wallahi, hiyo fatwa nilijipa mwenyewe, mimi ambaye hata juzuu moja sijahifadhi. Naona wengine mnacheka, chekeni tu. Na kwamba ni wizi, hilo nilijifanya silioni. Tiketi ikishinda kidogo, nachukua pesa kwenye droo na kuiacha tiketi humo, kana kwamba kuna mteja ameileta. Zisizo na kitu natupa chooni. Nyumbani chakula hakishuki. Mke wangu akiniuliza nina nini, namfokea.

Nawaambia ukweli, nilidhani haitajulikana. Lakini wakala wa tiketi akaja, akakuta tiketi zimeisha na pesa hazipo. Mwenye duka akaniuliza ufunguo hukaa na nani. Nikasema, "Hukaa na mimi, lakini nikienda kuswali namwachia mwenzangu." Ndugu zangu, hayo yalikuwa maneno ya kweli kabisa, na ndiyo niliyomchoma nayo mwenzangu. Mwenye duka akatikisa kichwa. "Wewe huwezi kuchukua," akaniambia. Akamgeukia yule mama wa Mwingi, akamwambia amalize siku, kesho asirudi.

"Mimi? Madam, mimi hata sijui zinavyochezwa!"

Nikaanza kupanga biskuti ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

Adhana ya adhuhuri ikaita. Nikaenda nyuma kwenye mfereji kutawadha, yule mama akanifuata macho yamevimba. "Kaka," akasema, "wewe unaswali mara tano kwa siku. Leo niombee. Mungu amwonyeshe aliyechukua. Nina watoto watatu na nyumba ni ya kupanga, nitawapeleka wapi?" Mimi nikamjibu, "Inshallah." Hebu fikirieni! Nilifungua mdomo huu nikamjibu inshallah.

Msikitini niliswali bila kujua nimefika rakaa ya ngapi. Baada ya swala nikainua mikono. Nikaanza, "Ya Rabbi, mwonyeshe..." ulimi ukakwama. Nikajaribu kuomba kitu kingine, afya, riziki, chochote, hakikuja. Mikono ikashuka yenyewe. Nilihisi hofu ambayo sijawahi kuihisi, hofu ya kwamba sitaweza kuomba tena maisha yangu yote. Nikatoka mbio, na viatu nilivyovaa havikuwa vyangu.

Nikamwambia mwenye duka, "Mama, ni mimi." Hakuamini! Akasema nisimbebee mwenzangu mzigo. Ikabidi nimpeleke stoo, nisogeze katoni za maji, nimwonyeshe ule unga wa kukwangua umejaa sakafuni. Akauangalia muda mrefu. "Niliamini dini yako kuliko macho yangu," akasema. Mimi nikafutwa kazi saa hiyo hiyo, yule mama akarudishwa. Nilipomwomba msamaha alinijibu, "Leo usiniombe. Nikikuangalia naona watoto wangu nje." Mpaka sasa tukikutana ananisalimia tu, na sina haki ya kudai zaidi.

Namshukuru yeye, kwa sababu bila dua aliyoniomba ningenyamaza mpaka leo. Namshukuru mwenye duka, hakuita polisi. Namshukuru mke wangu kwa subira. Na namshukuru adeer wangu, ndugu ya baba, aliyenipa kazi katika duka lake la vyakula wakati hakuna aliyetaka kuniona. Yeye ana masharti. Kadi za simu zina namba, na zamu ikibadilika watu wawili wanazisoma pamoja. Mimi jioni natoa mifuko ya suruali nje aikague kabla sijaondoka.

Nyinyi wenye maduka, nawaomba, kagueni kila mtu. Anayeswali kagueni, anayekunywa kagueni, mtoto wa ndugu yako mkague. Mimi kama ningekaguliwa wiki ile niliyoanza kuiba, yule mama asingelia. Sijapona, msidanganyike. Nikiona tiketi hizo ukucha huu bado unawasha.

Jana adeer alikuwa na wageni kutoka Tarbaj, mazungumzo yamenoga, akasahau kunikagua. Nikaaga, nikaondoka, nikafika barabarani. Sikuwa na kitu mfukoni, Mungu ni shahidi. Nikasimama, nikaenda, nikasimama tena. Mwisho nikarudi.

"Adeer, hujanikagua."

Wageni wakanigeukia. Adeer akaweka kikombe chini, akainuka. "Haye, sawa," akasema, "toa mifuko nje."

Nikaitoa mbele ya wote, na sikuona haya.