Risasi za Kopo Jekundu

Tansy, mwanangu, njoo ukae hapa kitandani, usiogope hii mirija ya dawa, na wewe Orrin, kaka yangu, acha kusimama mlangoni na kofia mkononi kama mtu aliyekuja kununua ndama, keti, maana maneno ni mengi na pumzi ni chache, na nikianza kulia niacheni nilie huku nasema, msininyamazishe.

Bunduki ile nyepesi ni ya Tansy. Orrin, usije ukasema ni ya familia. Nimekata kitako mpaka kikamfaa begani, mkanda nimeushona mwenyewe, ili akifika miaka kumi na miwili aibebe kutoka kijitoni mpaka juu kwenye misonobari bila kumwomba mtu. Baba yake hatampeleka, mnamjua Dale, akiona damu ya kuku anatafuta kiti. Utampeleka wewe, mjomba wake.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo ninapoogopa kuliko huko ninakokwenda.

Bunduki nyepesi inapiga teke, ukifyatua inarudi begani kwa nguvu. Baba yetu alinipa nyepesi, akanijazia risasi zenye baruti ya bunduki yake nzito, kwa mapenzi tu, alitaka elki wangu wa kwanza, yule kulungu mkubwa wa milimani, aanguke palepale. Nilipozijaribu bunduki ikarudi ikanipasua nyusi, kovu hili hapa. Basi siku ya kuwinda, elki dume kasimama mbele yangu, mkubwa kama farasi, nikafumba macho kabla ya kufyatua. Orrin, unakumbuka ulivyosema? "Dada, mnyama kama ghala vile na umemkosa! Kesho tukufungie ng'ombe kwenye mti?" Ukacheka mpaka ukakaa kwenye theluji. Nami nikacheka, nikasema ndiyo, nimekosa.

Sikukosa. Nilipokwenda kuangalia kulikuwa na damu, matone matatu, nikayafukia kwa kiatu, kwa sababu nilikuwa na miaka kumi na miwili na sikutaka kulia mbele yako. Hatukumfuata. Mwezi wa tano Baba akakuta mifupa na pembe kule kijitoni, akasema maskini, baridi imemuua, akanitazama, nikanyamaza. Baba amekufa nimenyamaza. Usinishike mkono, Orrin, bado.

Ndiyo maana nikamtengenezea Tansy risasi za polepole, baruti kidogo, teke dogo, na elki akiwa karibu anaanguka vilevile ukilenga nyuma ya bega. Ishirini, kwenye kopo jekundu. Nilisafisha ganda la risasi moja moja, nikapachika fataki ya kuwashia baruti, nikapima baruti kwa mizani ya Baba. Mnajua desturi ya nyumba yetu: anayemimina anasema "moja," anayemulika ndani ya ganda kwa tochi anajibu "moja, nimeiona," ndipo linafuata lingine. Mimi nilikuwa peke yangu. Sikutaka mtu aone mikono inavyotetemeka. Nikamimina, nikajijibu mwenyewe, mara dawa ya maumivu ikanichukua, nikashtuka kijiko kiko mkononi kitupu, sijui nimeishia ganda lipi. Baruti ile haifiki hata nusu ya ganda, ukiimimina mara mbili inaingia yote. Na mimi badala ya kumwaga nianze upya, nikaendelea, nikazifunga, nikaandika jina lako, Tansy, kwenye kifuniko, kwa sababu nilijua nguvu ya kurudia sitaipata.

Siku tisa nimenyamaza. Jana Tansy ukaja umekumbatia kopo, ukasema, "Mama, moja sitaipiga kamwe, nitaitunza." Nikaiona ile damu kwenye theluji.

Moja kati ya hizo inaweza kupasua bunduki usoni mwako, mwanangu, na sijui ni ipi. Orrin, usiseme tuzipime, maganda hayalingani uzito, mizani itatudanganya. Zivunjeni zote, leo, baruti mkaimwage bustanini. Usilie. Au lia, lakini sikia. Maganda nimeyasafisha kwa mikono yangu, hayo yabaki. Utayajaza wewe na mjomba, na mjomba atakujibu kila moja, Orrin uape, na hutamcheka, hata akiukosa mlima. Na wewe ukipiga, nenda ukaangalie chini. Ukiona hata tone, sema. Sema mbele ya huyo anayecheka, kisha mfuateni huyo mnyama mpaka mumpate. Moyo wake mpelekee baba yako, umkaangie na vitunguu, atakula amefumba macho.

Nimechoka. Naogopa, sitawaficha na hilo. Mungu akutangulie kila mlima, mwanangu, akupe bega imara na mtu wa kukujibu.

Lete kopo. Orrin, lete ile nyundo ya kung'olea risasi, ile unayoitia risasi ndani na ukiigonga kichwa kinachomoka, piga hapa hapa sakafuni, nisikie. Tansy, wewe mwaga kwenye kikombe, useme kwa sauti. Mimi ndimi ninayetazama.

Moja, nimeiona.

Sogea, mwanangu, sogea karibu... mbili... nimeiona.

Sema tena... sauti yako... tatu...