Vipande Sita Vilivyoanikwa Juani

Mheshimiwa Waziri, Mheshimiwa Balozi wa nchi jirani, Mkurugenzi wa maabara hii ya pamoja, ndugu wageni waalikwa, na ninyi mafundi mliosimama nyuma kwa kuwa viti vimekwisha kwa wakubwa:

Kabla hamjaifungua rasmi nyumba hii kwa jina langu, nisikieni. Kwa miaka thelathini na moja nimeficha jambo moja. Majibu ya kipimo cha saruji ya majirani zetu, yale yaliyofunga mpaka na kuua mkataba wa kwanza, yalikuwa ya uongo, na mwongo ni mimi.

Naona Mheshimiwa Waziri anamtazama msaidizi wake. Msaidizi, kaa tu. Mkikizima kipaza sauti, sauti yangu itafika safu ya mbele, na safu ya mbele ndiyo inayohusika. Nazungumza nimekaa kwa sababu miguu imegoma. Daktari wangu ameacha kunikataza chumvi, nami nimesoma vya kutosha kujua maana yake.

Wakati ule sisi ndio tuliokuwa wakubwa wa ukanda huu. Viwanda vilikuwa kwetu, na majirani walikuja kwetu kununua hata misumari. Kisha wakajenga kiwanda chao cha saruji, na serikali mbili zikakubaliana kwamba saruji hiyo ikifaulu kipimo katika maabara yetu, niliyoiongoza mimi, itaingia bila kizuizi, na bidhaa nyingine zitaifuata. Mkataba mzima ukakalia vipande sita vya saruji, kila kimoja cha kutosha kiganjani. Vilitakiwa kulala majini siku ishirini na nane, ndipo vibanwe kwenye mashine hadi vipasuke. Saruji hukomaa kwa maji. Ikinyimwa maji mapema hubaki na sura nzuri, ndani haina nguvu.

Mkemia wao alikuja na mfuko mmoja, tukavimimina vipande pamoja kwenye kalibu. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni. Tulimwita Bwana Kalamu. Kila asubuhi aliniuliza habari za wanangu, kisha akafungua daftari na kuandika: tangi lina kina gani, dirisha liko upande gani. Nikamwambia mhudumu wetu, mama mtu mzima mwenye ulimi wake:

"Yule anatupeleleza."

"Anapeleleza nini, baba? Ndoo?"

"Leo ndoo, kesho viwanda."

"Basi zifiche ndoo," akasema, akaendelea kupiga deki.

Nilicheka, lakini shaka ilikuwa imeshapata kiti. Nani hupima dirisha la mwenzake kwa wema? Nani huuliza habari za watoto wako kila siku asitake kitu? Nyuma ya upole ule niliona viwanda vyetu vikifungwa kimoja kimoja. Siku ya nne, aliporudi kwao kusubiri, niliviopoa vipande majini nikavianika juu ya bati la stoo. Siku ya ishirini na saba nikavirudisha. Kesho yake akaja, tukavibana pamoja, yeye akisoma mshale wa mashine kwa sauti. Sauti ilizidi kushuka. Kilipopasuka cha sita alifunga daftari.

"Ndugu yangu, mahali fulani nimekosea," akaniambia. "Nisamehe kwa kukupotezea muda."

Baadaye aliandika barua kuomba kipimo kirudiwe. Niliijibu mwenyewe: haiwezekani. Kwao akafukuzwa kazi, akafundisha hesabu shule ya msingi hadi uzee. Lile daftari, nilikuja kujua, lilikuwa la kuiomba serikali yake iwajengee maabara kama yetu.

Na majirani je, walikufa? Tulipowafungia mlango walitafuta wanunuzi wa mbali, wakajenga viwanda vitatu zaidi. Sisi tulioogopa kumezwa tulijifungia ndani tukadumaa. Saruji ya kuta hizi ni yao, mashine ni zao, na viti mlivyokalia ni vyao.

Msidhani nimepona shaka ile. Mheshimiwa Balozi, umetuambia leo kwamba kati yetu hakuna mkubwa wala mdogo. Maneno hayo hayo tuliyasema sisi tulipokuwa wakubwa. Mwenye nguvu akiniambia tuko sawa, mimi hutazama mikono yake. Wanasema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mimi sikuumwa, niliuma, na bado nashtuka.

Mwezi uliopita Mkurugenzi wa maabara hii, ambaye ni binti wa Bwana Kalamu, alipiga hodi kwangu. Nikamwambia mke wangu, "Mwambie nimelala. Huyu amejua, anakuja kunitega."

"Mtu wa kuagana na dunia unaogopa kutegwa?" akasema mke wangu, akamfungulia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani kakutuma?"

"Marehemu baba. Alitaka maabara ya pamoja ikijengwa ipewe jina lako."

"Jina langu, kwa lipi?"

"Alijua vipande vilianikwa. Alisema saruji iliyolala majini haipasuki vile. Lakini alituonya tusikuchukie. Alisema, 'Yule aliamriwa. Na mimi ningekuwa yeye, ningeamriwa vilevile.'"

Nilitafuta kejeli usoni pake, nikaikosa. Nikatafuta tena. Kisha, ndugu zangu, nikainamisha kichwa kama mtu aliyeamriwa kweli, nikamwacha aniage kwa heshima. Alipoondoka, mke wangu aliniuliza mbona chai yangu imepoa. Nikainywa hivyohivyo.

Nawashukuru kwa masikio yenu, na kwa kumvumilia mzee aliyekuja kuiharibu sherehe yenu. Mkiamua kulitafutia jengo jina lingine, sitakuwepo kulalamika. Neno lililobaki ni la binti huyu peke yake, kwa kuwa baba yake aliondoka duniani akiniamini kuliko nilivyostahili. Mwanangu, hakuna aliyeniamuru. Waziri wa wakati ule alinipigia simu mara moja tu, vipande vikiwa bado majini, akaniambia, "Pima kwa haki."