Weka Hapo Kwanza

Sogeeni wanangu, kama mtapata pa kusogea. Wewe kifungua mimba wangu, kalia hilo katoni, halitabonyea, limejaa karatasi za kaboni. Na wewe kitinda mimba, simama hapo hapo mlangoni, maana nafasi ndiyo hiyo, na sauti yangu leo bado inafika mlangoni, kesho sijui.

Nyumba hii nawaachia wote wawili. Ofisi ya mbele ya kupiga chapa ni ya dada mtu, kwa sababu ameifanya kazi hii pamoja nami tangu vidole vyake havijafikia herufi za pembeni. Chumba cha nyuma ni cha mdogo wake. Mkewe ana mimba kubwa, mwenye nyumba wao amekwishawaambia watoke, na mwezi huu ukiisha hawana pa kulala. Hilo ndilo linaloikaba roho yangu isitoke kwa raha.

Mali ya chumba kile mnaijua: mashine za kupiga chapa zisizo na utepe, fotokopi iliyokufa, mafaili ya wateja ambao nao wamekufa, mifuko ya nyaya za simu ambazo hakuna anayezikumbuka sura. Sikukusudia kujenga ghala, wanangu. Nilisema neno dogo tu, “weka hapo kwanza”, nikalisema asubuhi na jioni, na hilo “kwanza” halijapata “pili” mpaka leo. Watu husema vitu vikikaa havili chakula. Vinakula. Vimekula dirisha la ofisi, tukawa tunawasha taa mchana. Vimekula benchi la wateja, wakawa wanasubiri juani, kisha wakaacha kuja. Na mama yenu, Mungu amrehemu, alilala ukingoni mwa kitanda kama abiria asiye na tiketi, wala hakulalamika. Au labda alilalamika, sauti ikapotelea kwenye makatoni.

Wiki iliyopita nilikuomba, mama, ukitoe kila kitu katika chumba hicho cha nyuma cha mdogo wako. Ukaitika, “Ndiyo, baba.” Nikasikia mnaburuta, nikafurahi, nikalala. Nilipozinduka vyote vilikuwa humu chumbani mwangu, vimenizunguka kitandani, na muuguzi sasa anaingia ubavu ubavu. Ukaniambia, “Nimeviweka hapo kwanza, baba.” Nilitaka kucheka, kifua kikakataa. Nitakukaripiaje kwa neno nililokufundisha mwenyewe?

Ninachoogopa ni kimoja. Leo kalamu isiyoandika ni takataka. Nikifa itakuwa kalamu ya baba. Nani ataitupa? Mtavirudisha vyote kule kwa machozi na heshima, mfunge mlango, na mtoto azaliwe hana pa kulazwa. Naliona jambo hili linakuja na siwezi kulizuia. Zamani nilikuwa na mikono. Sasa nimebaki na mdomo, na mdomo haubebi kabati.

Basi sikieni. Fotokopi mpeni mnunuzi wa vyuma chakavu, akiikataa ipelekeni jalalani. Mafaili yachomeni uani, msiyasome, ni mambo ya watu. Msibakize cha ukumbusho, hata miwani yangu mpeni mtu mwenye macho mabovu kama yangu. Msigombane. Dada, usimnunie mdogo wako akitupa. Na wewe, usimcheke dada yako akililia kiti kibovu. Radhi zangu mnazo, nyote, moyo wangu mweupe. Mungu awape pa kunyoosha miguu, na huyo mtoto atambae bila kugonga kichwa.

Ngoja... nipate pumzi.

Unaandika nini, mama? Maneno yangu? Acha, mwanangu. Karatasi hiyo nayo utaiweka wapi? Iache kalamu, shika kabati upande huu, mdogo wako ashike ule, mlitoe sasa hivi, nikiwa bado nasikia. Mimi nafumba macho kidogo. Nataka kulisikia likipita mlangoni.

Haya. Bebeni.

Mbona kimya... wanangu, mbona silisikii likisogea.